Nyumba ya Mbele, Nyumba ya Nyuma

Habari hii nilipewa na Nanzia mwenyewe, msimu wa kuchuma kahawa, mwaka mmoja baada ya Jirani kung'olewa ukutani katika nyumba zote za Upareni. Tulikuwa jikoni kwake tunachambua maharage ya mbegu. Alikuwa anasema huku hanitazami, macho yake yapo kwenye ungo. Naieleza kama alivyonipa. Nilichoongeza ni kidogo, ni pale tu alipokuwa ananyamaza.

Asubuhi aliyoanzia Nanzia haikuwa na jambo la ajabu. Aliamka, akawasha moto, akachemsha uji, akamgeuza mumewe ubavu wa pili ili mgongo usichubuke. Mumewe aliitwa Kajeri. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mlinzi wa ndiva, lile bwawa la kijiji linalofungwa jioni maji yajae na kufunguliwa asubuhi yaende mashambani. Miaka ishirini na tatu yeye ndiye aliyeingia kwenye maji ya baridi kuchomoa kizibo. Kwa hiyo vidole vya miguu vilipoanza kufa ganzi alidhani ni maji tu, akavaa soksi.

Saa kumi na mbili na nusu kamili Jirani akauliza kama kawaida yake, kwa ile sauti ya mama wa makamo asiyekuwa na haraka:

"Nanzia, mgonjwa ameamkaje?"

"Hajambo kidogo," akasema Nanzia. "Tunamshukuru Mungu."

"Nimepokea. Mnaendelea vizuri. Leo tutajifunza namna ya kumkanda mgonjwa mikono."

Jirani alikuwa kisanduku cha rangi ya udongo, kikubwa kama mkate, kimepigiliwa ukutani karibu na kitanda. Kila nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu ilipewa chake, kwa sababu madaktari walikuwa wachache na milima ni mingi. Alifundisha kulisha, kuosha, kugeuza, kufunga kidonda. Alijua nani ana gari la kubeba mgonjwa na ni wapi pa kupata dawa. Kubwa kuliko yote, hakumwacha mtu peke yake na ugonjwa. Kila nyumba mpya iliungwa na nyumba nyingine iliyotangulia kupatwa na ugonjwa ule ule. Hiyo ndiyo iliyoitwa nyumba ya mbele. Lililowasaidia wao ulifundishwa wewe, na lililokusaidia wewe alifundishwa aliye nyuma yako.

Hakuwa na jicho, wala hakupima chochote. Zamani walikuwapo wenye macho, wakahesabu mapigo ya watu na pumzi zao, halafu ikajulikana habari hizo zinauzwa. Watu wakakataa. Ikaamriwa kwamba neno la mwenye mgonjwa ndilo litakalopokelewa, basi. Nanzia aliniambia watu walipiga vigelegele siku ile, na yeye alikuwa mmoja wao.

Sasa wewe unazijua desturi zetu. Mtu akikuuliza habari za mgonjwa, tena mgonjwa mwenyewe yupo pale anakusikiliza, humwambii amezidiwa. Unasema hajambo kidogo. Unasema jana usiku alikohoa lakini leo amekunywa uji. Kusema vingine ni kama kumchimbia kaburi huku anatazama. Kwa hiyo ganzi ilitoka vidoleni ikafika magotini, na Kajeri akawa hajambo kidogo. Ikapita kiuno, akawa hajambo kidogo. Mwanzoni mwa masika ikashika kifua, na kilichokuwa kikizivuta pumzi zake kikawa ni mkanda wa nyuzi aliofungwa mbavuni tangu mwanzo ili uishushe ganzi, uliokuwa ukisukuma umeme mdogo mdogo, tii, tii, tii, usiku na mchana. Asubuhi ile ile Nanzia aliulizwa, akajibu kama alivyojibu jana yake.

Alhamisi saa tisa alasiri ilikuwa saa ya sauti. Saa hiyo nyumba mbili zilizoungwa ziliweza kuongea robo saa. Hamkuambiwa mwenzenu anakaa wapi, hilo lilifichwa kwa usalama wa wagonjwa, lakini lafudhi haifichiki. Nanzia alikuwa ameshamjua mwenzake wa nyuma kuwa ni mtu wa upande wa kusini, wa kule Mamba. Alikuwa Mama Nakiete, na mgonjwa wake ni huyo Nakiete, binti wa miaka kumi na mmoja.

Alhamisi hiyo Mama Nakiete alikuwa na furaha. Alisalimia, akauliza hali ya shemeji, akaambiwa hajambo kidogo. Akasema na Nakiete naye hajambo, ganzi ipo kwenye kifundo cha mguu tu, na mkanda wameshaletewa. Halafu akacheka kidogo.

"Dada, lazima nikuambie. Mwezi uliopita walitaka kumteremsha tambarare, hospitali, wakamsafishe damu miezi miwili. Nikamuuliza Jirani. Akanijibu, nyumba ya mbele yenu wanatumia mkanda na wanaendelea vizuri, kaeni nyumbani. Nikasema kama mume wa Nanzia anapona nyumbani kwake, mwanangu nimpeleke kwenye joto lile akalale na watu asiowajua kwa nini? Tumekataa. Mungu akubariki, dada."

Nanzia alikuwa ameshika kikombe cha Kajeri. Akakiweka chini.

Kule tambarare kulikuwa na dawa kweli. Jambo hilo Jirani alilifundisha siku za kwanza, na kila mwenye mgonjwa wa ganzi alilijua: damu ikisafishwa kabla ganzi haijapita magoti, mtu hupona. Ikishapita, hawakupokei. Na Nanzia akakumbuka, pale pale, kwamba na wao waliwahi kuulizwa habari ya kwenda tambarare, ganzi ilipokuwa kwenye ukingo wa juu wa soksi za Kajeri. Nao pia walimuuliza Jirani. Nao pia waliambiwa nyumba ya mbele inaendelea vizuri. Waliisikia inaendelea vizuri miezi saba, mpaka asubuhi moja Jirani aliposema tu, nyumba ya mbele yenu imefungwa, akaendelea na somo la kusafisha sikio.

Mama Nakiete aliuliza mara mbili kama bado yupo. Nanzia akasema yupo. Robo saa ikaisha.

Wifi yake aliitwa Nakuzwa, dada mkubwa wa Kajeri, mjane, nyumba yake ya tatu kutoka pale. Alikuwa mwanamke wa maneno makali na mikono myepesi. Atakutukana huku anakufulia nguo. Nanzia alimfuata kwenye migomba akamweleza yote. Akamwambia anataka kubadilisha neno, aseme Kajeri amezidiwa, ili yule mtoto ateremshwe tambarare muda ungalipo.

Nakuzwa hakuacha kukata majani ya ng'ombe. Akamuuliza kama anaijua sheria ya mkanda. Nanzia anaijua. Mikanda ilikuwa michache, na mkanda ni wa anayepata nafuu. Ukisema hakuna nafuu, unafuatwa, unapelekwa kwingine.

"Na ukifuatwa, kaka yangu atapumua kwa nini? Kwa heshima yako?"

Nanzia akaokota majani yaliyoanguka, akamwekea kwenye mzigo.

"Basi mwambie huyo mwenzio Alhamisi ijayo, kimya kimya, bila kubadilisha."

Nanzia akasema haiwezekani. Sauti zote zilipita mle mle ndani ya Jirani, naye alikata maneno ya nyumba ya mbele yasiyolingana na taarifa yake, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyofundisha. Aliwekewa hivyo ili wauza dawa za uongo wasiingie kudanganya wagonjwa. Kuna mtu wa Ugweno alijaribu kumwambia mwenzake asimeze vidonge fulani, akakatwa katikati ya neno, na mwezi mzima hakuruhusiwa tena kuongea.

Nakuzwa akafunga mzigo wake wa majani. Akasema yeye hamjui mtoto wa Mamba, hajawahi kumwona, na Mungu atamsamehe kwa hilo. Lakini Kajeri alibebwa mgongoni mwake akiwa na meno mawili.

"Ni ndugu yangu kabla hajawa mume wako," akasema. "Ukimuua, niambie kwanza, nije nimwoshe miguu."

Nanzia alirudi nyumbani. Ijumaa akaulizwa, akasema hajambo kidogo. Jumamosi vile vile. Jumapili alikwenda ibadani, na watu mlangoni wakamuuliza mgonjwa anaendeleaje, akawaambia hajambo, wakasema Mungu ni mwema. Aliwatazama mmoja mmoja, watu wema wote, wengine wamewahi kumletea kuni, akaona kwamba hata wao wanajua. Hakuna aliyekuwa anadanganywa isipokuwa mmoja, naye ni mashine iliyokuwa ikiwafundisha watu wengine.

Jumatatu ikapita. Kila jioni alipiga hesabu moja tu: kutoka kifundo cha mguu hadi gotini, kwa Kajeri, ilichukua wiki ngapi. Alikumbuka tano. Kwa mtoto labda tatu.

Jumanne Jirani akauliza mgonjwa ameamkaje. Kajeri alikuwa macho, kichwa juu ya mito miwili, mkanda unalia tii, tii. Nanzia akasimama mbele ya ukuta kama mtoto anayesomeshwa ubaoni.

"Amezidiwa," akasema. "Ganzi ipo kifuani. Hajapata nafuu hata siku moja."

Hakugeuka nyuma kumtazama mumewe. Alisikia tu ule mkanda.

Jirani alikawia kidogo. Kisha akasema kwa upole kwamba jibu hilo halifanani na majibu mia mbili na kumi ya nyuma. Akasema walezi wengi huchoka, na mtu akichoka huona giza pasipo giza. Akampa somo la kupumzika: akae, anyooshe miguu, avute pumzi ndefu, ahesabu hadi nne. Akamwambia jibu la namna hiyo hupokelewa likisemwa asubuhi tatu mfululizo.

Nanzia aliniambia kwamba hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Hakuzuiwa, alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea. Alikuwa ameshasema. Kama Jirani hakuamini, kosa si lake. Angenyamaza Jumatano, ingehesabiwa uchovu tu, na Kajeri angebaki na mkanda wake.

Alipogeuka, Kajeri alikuwa anamtazama. Sauti yake siku zile ilikuwa ndogo, inatoka pale tu mkanda ulipomruhusu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu masika."

"Na mimi," akasema Kajeri. Akapumzika. "Niliogopa ukijua utalia."

Akamweleza basi habari ya mtoto wa Mamba. Kajeri alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza kama ndiva imefunguliwa leo, na nani ameingia majini. Alipoambiwa, akasema huyo anachomoa kizibo vibaya, atabomoa ukingo. Mchana kutwa hakusema neno jingine, na Nanzia alimlisha uji akiwa hajui kama analisha mtu aliyemkubalia au aliyemkatalia.

Jumatano akasema tena amezidiwa. Akapewa somo la kuhesabu hadi nne.

Alhamisi, kabla Jirani hajauliza, Nanzia alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia mumewe kwamba leo ni ya tatu, na akitaka anyamaze atanyamaza. Kajeri akasema, "Mtoto yule ana miaka mingapi?" Akaambiwa kumi na mmoja. Akafumba macho.

"Haya," akasema.

Jirani akauliza. Nanzia akajibu. Safari hii hakukuwa na somo.

"Nimepokea. Taarifa ya nyumba imebadilishwa. Mkanda utafuatwa kesho."

Saa tisa alasiri sauti ya Mama Nakiete ikaingia. Akasalimia, akauliza hali ya shemeji. Nanzia akamwambia. Hakuzunguka. Alisema Kajeri anakufa, kwamba mkanda haukuishusha ganzi hata kidogo, kwamba yote aliyoyasema tangu mwanzo aliyasema kwa sababu ndivyo tunavyosema. Akamwambia amchukue Nakiete leo, asingoje kesho, ateremke tambarare. Jirani hakumkata. Sasa maneno yalilingana.



"Dada," akasema Mama Nakiete. "Ganzi ipo kiunoni."

Nanzia akamwuliza kiunoni kwa nani.

"Kwa mwanangu. Ilipita magoti wiki mbili zilizopita. Ananisikia ninapoongea, dada. Yupo hapa hapa kitandani. Ningesemaje?"

Robo saa ilikuwa inakwenda. Nanzia ndiye aliyekumbuka kuuliza kama na wao wana nyumba ya nyuma. Mama Nakiete akasema ipo. Ni kijana mmoja fundi cherehani, mke wake ndiye anayeongea. Ganzi yake ipo vidoleni. Angalau wanasema ipo vidoleni.

"Mwambie," Nanzia akasema. "Asubuhi tatu tu. Mimi nimeweza."

"Nitamwambia," akasema Mama Nakiete, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kusema hajambo.

Ijumaa nesi Mkunde alipanda mlima kuufuata mkanda. Alikuwa mwanamke mnene, amechoka, magoti yanamuuma. Alifanya kazi yake bila kumtazama mtu usoni, akaufungua mkanda polepole, akaukunja kama mtu anavyokunja shuka la marehemu. Kabla hajaondoka alimfundisha Nanzia jambo ambalo Jirani hakuwahi kulifundisha, kwa sababu hakuna nyumba iliyowahi kukiri kulihitaji. Alimwekea viganja vyake pande mbili za mbavu za Kajeri, akamwonyesha kubana na kuachia, kubana na kuachia. Ukiacha, naye anaacha, akasema.

Nanzia alibana na kuachia mpaka jua likawa utosini. Ndipo pembe ikalia.

Pembe ile kwetu hulia kwa msaragambo, kazi ya watu wote, kuchimba barabara au kuzibua mfereji. Aliyeipiga ni Nakuzwa. Alisimama kwenye ukingo wa ndiva, akawaambia watu waliokuja na majembe warudishe majembe nyumbani, wanawe mikono wamfuate. Akawapanga zamu kwenye kitanda cha kaka yake kama wanavyopangwa kwenye mfereji, nusu saa kila mtu, na aliyechelewa alisikia maneno. Alipita karibu na Nanzia akampokonya nafasi kwa nyonga, akaweka mikono yake mbavuni kwa Kajeri.

"Sogea," akasema. "Unambana kama unakanda unga."

Kajeri alicheka. Kicheko kilitoka nusu, kwa sababu pumzi haikuwa yake.

Siku nane kijiji kilimpumulia Kajeri. Wapo waliokuja na nyimbo, wapo waliokuja na habari za ugomvi wa mipaka ili asikie, na mmoja alikuja kuungama kwamba mwaka fulani alikuwa akiiba maji ya ndiva kwa zamu isiyo yake. Kajeri akamwambia anajua. Lakini mikono ya watu si nyuzi za umeme. Siku ya tano walikuwa thelathini. Siku ya saba walikuwa kumi na wawili, wengine viganja vimevimba, wengine wana mahindi yasiyopaliliwa. Siku ya tisa asubuhi walibaki Nakuzwa na Nanzia. Midomo ya Kajeri ilikuwa imebadilika rangi.

Nakuzwa alikuwa amebana tangu alfajiri. Nanzia alipompokea, Nakuzwa alikwenda barazani, akajilaza kwenye mkeka na viatu vyake, akasinzia kabla hajakunja miguu.

Jua lilikuwa limeingia dirishani. Jirani, aliyekuwa bado ukutani kwa sababu wa kumng'oa alikuwa hajatumwa, akaongea saa yake ya kumi na mbili na nusu. Hakuuliza tena habari ya mgonjwa. Kwa nyumba iliyobadilisha taarifa alitoa habari za wengine tu.

"Nyumba ya nyuma yenu inaendelea vizuri," akasema. "Mgonjwa hajambo kidogo."

Nanzia aliendelea kubana na kuachia. Alikuwa na machozi lakini mikono haikuwa na nafasi ya kuyafuta. Alimfikiria yule fundi cherehani na vidole vyake vya miguu, asubuhi hii anaambiwa akae nyumbani.

"Usimlaumu yule mama," akasema Kajeri.

"Simlaumu."

"Umelala lini?"

Hakukumbuka. Kajeri alingoja mbano mbili, tatu, akaikusanya pumzi iliyokuja nazo.

"Hebu lala kidogo, mama. Mimi leo sijambo."

Nanzia alimtazama. Miaka ishirini na sita alikuwa akimjua mtu huyu, na hakuwahi kumwona anasema uongo kwa uso mzuri namna ile. Alibana mara moja zaidi. Akaachia.

"Unasema kweli?"

"Sijambo kidogo," akasema Kajeri. "Lala."

Akapanda kitandani, akajinyoosha upande wa ukutani, akaegemeza kichwa begani kwake kama walivyokuwa wakilala zamani kabla ya mito miwili. Mkono wake mmoja aliuacha palepale juu ya mbavu, haubani, umelala tu. Nje maji ya ndiva yalikuwa yamefunguliwa, yanasikika yakishuka mferejini. Kajeri ndiye aliyetangulia kulala. Nanzia akayasikiliza yale maji muda kidogo, akihesabu hadi nne kama alivyofundishwa, halafu naye akalala.